WADUDU WA SHAMBA: MWENYE KUTAZAMA NA MWENYE KUDHANI

Kwa jina la Mwenyezi Mungu. Sifa njema zamstahikia Yeye peke yake, aliyeumba tembo akaumba na mbu, wala kuumba mkubwa hakukumchosha kuliko kuumba mdogo. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na Ali zake, na Masahaba zake, na kila mwenye kufuata mwendo wao mpaka siku ya malipo.

Ama baad. Enyi ndugu zangu Waislamu, waraka huu mdogo una maneno juu ya jambo ambalo wengi wenu huenda mkaliona la kitoto. Nalo ni kwenda shamba asubuhi, kuinama chini ya majani, kumtazama mdudu na kumpiga picha. Siwalaumu mkilidharau, kwani hata mimi nililidharau. Lakini kwa njia ya jambo hilo hilo Mwenyezi Mungu alinionyesha makosa yangu mawili, moja juu ya viumbe wake na la pili juu ya jirani yangu. Nimeona si vyema kuyaficha, kwa kuwa nayajua makosa haya yako katika mashamba mengi na katika baraza nyingi za pwani yetu.

FASLU YA KWANZA: YALIYONIPATA

Ninalo shamba dogo la minazi katika Unguja, urithi wa marehemu baba yangu. Na kati ya minazi pana migomba, mihogo, na matuta machache ya mchicha na bamia. Minazi hiyo ilikuwa na maji moto wengi. Nao, kama mjuavyo, ni wale chungu wekundu wa mitini, wakali, wenye kujenga viota vya majani mabichi. Wakwezi kila walipokuja kuangua nazi waliteremka wamevimba, wakitaka niwazidishie ujira. Siku moja hasira zikanipanda. Nikafunga makuti makavu katika ufito mrefu, nikayatia moto, nikavichoma viota vyote vya minazi mifupi na vya miti ya kando. Na kwa minazi mirefu nikamlipa mtu akapanda na dawa ya sumu. Nikarudi nyumbani nimeridhika kama mtu aliyeshinda vita.

Haikupita miezi mingi, vidaka vikaanza kupukutika. Karara lilipasuka, upunga ukatoka, vidaka vikashika, kisha vikaanguka chini kabla ya kuwa vitale. Na vichache vilivyosalia vikakua na makovu na utomvu. Nikatupa macho upande wa pili wa mpaka, nikaona minazi ya jirani yangu imebeba makole mazito. Hapo Shetani akapata mlango. Akaninong'oneza: "Vipi kwake nazi zijae na kwako zipukutike, na ardhi ni moja na mvua ni moja? Na huyu si yule mliyegombana naye juu ya mpaka?" Nikaamini kwamba jirani amenifanyia kitu. Nikayasema hayo barazani, kwanza kwa mafumbo, kisha waziwazi. Nikaacha kuitikia salamu yake. Tukawa twasali katika safu moja, bega kwa bega, wala hatusemezani, muda wa miezi saba.

Kisha ikaja likizo ya shule, na mtoto wa ndugu yangu akaja kukaa nasi. Kijana huyu kazi yake, akishasali alfajiri, ni kuchukua simu yake yenye kamera na kwenda kutafuta wadudu. Akawapiga picha jongoo, konokono, buibui, nyigu, na vidukari wa kwenye bamia. Barazani watu wakacheka, wakasema: "Kijana mzima anampiga picha jongoo!" Mzee mmoja akasema si kicheko tu, bali ni haramu. Mimi nilinyamaza kwa haya.

Siku ya nne akanijia, akanipa shikamoo, akasema: "Ami, hebu tazama hii." Nikaona picha ya mdudu wa rangi ya hudhurungi yenye wekundu, jamii ya kunguni, mwembamba, mwenye pembe ndefu za kupapasia. Alikuwa amekaa juu ya kidaka cha mnazi wangu mfupi, na mdomo wake ulio kama sindano umezama ndani ya kidaka. Kisha akanionyesha picha ya pili, aliyoipiga penye mnazi wa jirani: maji moto wanne wanamburura mdudu yule yule, naye amekufa. Akasema: "Ami, nimehesabu. Kila mnazi wa jirani nilioutazama una maji moto. Kwako sikumwona hata mmoja."

Ndugu zangu, sikuwa na neno la kujibu. Aliyeniangushia vidaka nilikuwa mimi mwenyewe, kwa mkono wangu na moto wangu. Na niliyemsingizia alikuwa mtu ambaye kosa lake ni kuwaacha chungu wa Mwenyezi Mungu wakafanya kazi waliyoumbiwa.

FASLU YA PILI: KHABARI YA MAJI MOTO NA MDUDU WA VIDAKA

Baada ya hayo nikaanza kuuliza na kusoma, nikaona ya kuwa khabari hizi hazikuwa siri. Mtaalamu wa wadudu, Mwingereza M. J. Way, alizichunguza hapa hapa Unguja, akachapisha maandishi yake mwaka 1953 na mwaka 1954. Alieleza namna maji moto wanavyomzuia mdudu huyu wa minazi, na namna chungu wengine wanavyopigana na maji moto na kuwaondoa mitini. Mwaka 1955 mdudu huyo alipewa jina la kitaalamu, Pseudotheraptus wayi, na sehemu ya pili ya jina hilo yatokana na jina la mtaalamu huyo. Basi ilimu ilikuwapo tangu zamani za baba zetu, na mimi nikaenda shamba na ufito wa moto.

Mdudu huyu hutoboa upunga na vidaka, akafyonza maji yake. Na mate yake ni sumu kwa tunda changa, hata pale alipotoboa pakafa na kuwa peusi. Kidaka kilichotobolewa sana huanguka. Na kilichopona hukua na makovu na utomvu. Wala hahitaji kuwa na jeshi: wachache tu katika mnazi hutosha kuleta hasara kubwa. Kwa hiyo mtu aweza kusimama chini ya mnazi mwaka mzima asimwone, akamtafuta adui pengine.

Na maji moto, wanaoitwa na wataalamu Oecophylla longinoda, khabari yao ni ajabu zaidi. Kiota chao hukijenga kwa majani mabichi yaliyo hai. Huyashika majani mawili na kuyavuta yakaribiane. Na likiwa jani la pili li mbali, mmoja humshika mwenzake kiuno, na wa tatu humshika wa pili, mpaka wakawa mnyororo. Yakishakutana majani, huja wengine wamebeba mabuu, yaani watoto wao, kwa meno yao; huwapitisha huku na huku baina ya kingo za majani, kama mfumaji apitishavyo uzi wake, na hariri itokayo kinywani mwa buu ndiyo inayoshona. Wakubwa hawana hariri. Wadogo wanayo, nao hawana nguvu za kuvuta majani. Hapana nyumba kwao ila kwa kusaidiana mkubwa na mdogo. Mwenye majumba yaliyofarikiana kwa ugomvi wa mirathi na aitafakari khabari hii.

Sisemi kwamba maji moto hawana ubaya. Wanauma, na mwenye kukana hajapanda mnazi. Tena hufuga vidudu vidogo vyenye magamba, kwa ajili ya maji matamu vinayotoa, na vidudu hivyo hufyonza mti. Lakini mwenye akili hupima. Wakulima wa China, kwa karne nyingi, wamewatumia jamaa wa chungu hawa katika bustani za michungwa kuwa walinzi, hata wakaunganisha mti na mti kwa fito za mianzi ili wapate kupita. Wao walitazama wakapata walinzi. Nami sikutazama, nikawachoma walinzi wangu.

FASLU YA TATU: YALIYOMO KATIKA DINI YETU

Je, haya ni mambo ya dunia tu? La, ndugu yangu. Kitabu chetu kina sura yenye jina la nyuki, na sura yenye jina la chungu, na sura yenye jina la buibui. Katika Surat An-Naml, aya ya 18 na ya 19, tumesimuliwa ya kuwa chungu mmoja aliwaonya wenzake waingie makaoni mwao wasije wakakanyagwa na Nabii Suleiman na majeshi yake hali hawana khabari. Na Nabii Suleiman, pamoja na ufalme wake, alimsikia, akatabasamu, akamshukuru Mola wake. Mfalme mwenye majeshi ya majini na watu na ndege alisimama kumsikiliza chungu. Wewe mwenye ekari moja una haraka gani?

Katika Surat Al-An'am, aya ya 38, twafundishwa ya kuwa wanyama wote watembeao katika ardhi ni umma mfano wetu sisi. Na katika Surat Al-Mulk, aya ya 3 na ya 4, tumeamrishwa kuyarudisha macho yetu kuutazama uumbaji, kisha kuyarudisha tena. Wala hatukuambiwa tutazame mara moja tukatoe hukumu, bali turudie.

Na juu ya chungu khasa, Bukhari na Muslim wamepokea hadithi ya Abu Huraira kwamba Nabii mmoja katika Manabii waliotangulia aliumwa na chungu, akaamrisha kijiji cha chungu kichomwe moto. Mwenyezi Mungu akamlaumu, kwa kuwa kwa ajili ya mmoja aliyemwuma ameuteketeza umma unaomtukuza Mola wake. Na Abu Dawud amepokea kutoka kwa Ibn Abbas kwamba Mtume wetu (S.A.W.) amekataza kuuawa chungu na nyuki, pamoja na ndege wawili, hud-hud na surad. Tena katika hadithi nyingine aliyoipokea Abu Dawud, Mtume (S.A.W.) aliona kijiji cha chungu kimechomwa, akabainisha ya kuwa kuadhibu kwa moto ni kwa Mola wa moto peke yake. Wanavyuoni wameeleza ya kuwa kiumbe chenye kudhuru hufukuzwa kwa kadiri ya dhara yake. Nami nakuulizeni: utajuaje kadiri ya dhara ya usiyemtazama?

Kisha litazameni kosa langu la pili, ambalo ni zito zaidi, kwa kuwa haki ya jirani haisamehewi mpaka jirani mwenyewe asamehe. Surat Al-Hujurat, aya ya 6, yatuamrisha kuhakikisha khabari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Na aya ya 12 yatuonya tujiepushe na dhana nyingi. Na Mtume (S.A.W.) amekataza Mwislamu kumhama ndugu yake zaidi ya siku tatu. Mimi nilimhama miezi saba, kwa sababu ya mdudu asiyefika urefu wa ukucha wa kidole gumba. Ni mara ngapi, enyi ndugu zangu, tumesema "hasidi", tumesema "mchawi", juu ya jambo ambalo sababu yake ilikuwa imekaa juu ya jani, yangoja mtu ainame aitazame?

Hata wadudu nao tumewatia katika dhana zetu. Vunjajungu alipewa jina hilo kwa kuwa wazee walisema mwenye kumgusa atavunja vyombo nyumbani. Kijana wetu alimpiga picha akiwa amemshika panzi kwa mikono yake yenye miiba, anamla. Wala hapana chungu wala sahani iliyovunjika kwetu siku ile. Na yule buu mweusi mwenye madoa, atambaaye juu ya bamia zenye vidukari, wengi humponda wakidhani ndiye mharibifu. Naye ni mtoto wa yule mdudu mviringo mwekundu mwenye vidoa vyeusi, na chakula chake ni hao hao vidukari. Na jongoo, anayetemewa mate na kila apitaye, hula majani makavu yaliyooza akayarudisha kuwa udongo wenye rutuba.

FASLU YA NNE: MAS'ALA YA PICHA

Amesema mzee wetu barazani kwamba kupiga picha kiumbe chenye roho ni haramu. Sikumdharau, kwani hadithi za kuwaonya wenye kufanya masanamu na sura ni sahihi, na wako wanavyuoni waliozichukua juu ya picha za kamera pia. Lakini wako wengine, na miongoni mwao ni Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliyeandika risala ya kuonyesha ya kuwa picha ya kamera si kuumba sura bali ni kukizuia kivuli ambacho Mwenyezi Mungu mwenyewe amekwisha kukiumba. Basi mwenye kujitahadhari na ajitahadhari, na macho mawili pamoja na kioo cha kukuzia vyamtosha. Na mwenye kufuata kauli ya ruhusa asitukanwe. Lakini na aitengeneze nia yake: awe apiga picha apate kujua na kujulisha, si apate kujisifu.

Tena msiseme kwamba chombo hiki ni kigeni kwetu tangu asili. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra akafia Misri, katika karne ya 5 ya Hijra, alizitia taa kadhaa mbele ya tundu dogo lielekealo mahali pa giza, akaona nuru ya kila taa yaingia na kutua ndani mahali pake. Na elimu ya nuru aliyoiandika katika Kitab al-Manazir ilipita mikononi mwa mataifa mengine. Na kabla yake Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki mwaka 255 wa Hijra (869), aliandika kitabu kikubwa cha wanyama, na ndani yake akaeleza khabari za chungu na nzi. Na baada yao Ad-Damiri wa Misri, aliyefariki mwaka 808 (1405), alifanya vivyo hivyo. Watu hawa hawakuona kuwa mdudu ni mdogo kwa elimu yao.

FASLU YA TANO: ADABU ZA KAZI HII

Mwenye kutaka kujaribu, nampa niliyojifunza kwa kijana wetu. Atoke baada ya sala ya alfajiri, jua likianza kupanda. Wakati huo umande bado uko, wadudu wengi ni wazito, hawajapata joto la kuwakimbiza, na nuru ni laini, haichomi picha. Asogee polepole, wala kivuli chake kisimfunike mdudu, kwani akifunikwa hukimbia. Mikono ikitetemeka, aegemeze kiwiko juu ya goti. Ayaelekeze macho ya kamera kwenye macho ya mdudu. Ampige picha tatu: ya kwanza kutoka juu, ya pili kutoka ubavuni, na ya tatu kutoka mbali kidogo, ili aonekane na mmea alio juu yake na kazi anayoifanya. Hii ya tatu ndiyo yenye ushahidi, kwani mdudu pasi na mmea wake ni kama maneno ya mtu yaliyokatwa katikati.

Kisha ahesabu miguu: mwenye sita ni mdudu, mwenye minane ni buibui au jamaa yake. Aandike siku, mwezi, mahali, na mmea. Asimng'oe mdudu mbawa, wala asipasue kiota apate picha nzuri. Akilifunua jiwe, alirudishe kama alivyolikuta, kwani amefunua dari ya nyumba ya watu. Na kabla ya kushika dawa ya sumu, amjue ni nani anayemwua, na ni nani atakayekufa pamoja naye.

KHATIMA

Jioni ya siku ile ile nilikwenda kwa jirani yangu baada ya sala ya Isha. Nikatangulia kwa salamu, akaitikia. Nikamwambia niliyoyadhani, na niliyoyasema, na mahali nilipoyasema, nikamwomba msamaha. Alinyamaza kitambo. Kisha akaniuliza: "Wataka viota vingapi?"

Siku ya pili yake, kwa kuwa nilimsingizia mbele ya watu, nilirudi barazani nikajikanusha mbele ya watu wale wale. Hilo lilikuwa gumu kuliko kugonga mlango wake. Kisha tukavikata viota vya mti mmoja, kwa kuwa chungu wa makabila mawili wakikutana hupigana, tukavifunga katika minazi yangu, tukavuta kamba kutoka mnazi mpaka mnazi ili wapate njia. Wakwezi nimewazidishia ujira. Ni haki yao, nao ni ujira mdogo kuliko hasara niliyoipata. Mnazi hauna haraka: tangu karara kupasuka hata nazi kukomaa hupita kiasi cha mwaka. Sijaangua bado, lakini vidaka vimeanza kushika.

Basi ewe ndugu yangu, likikupata la kukupata shambani, au nyumbani, au dukani, kabla ya kuutuma ulimi wako kwa jirani, yatume macho yako. Na yakirudi bila ya khabari, yatume mara ya pili.

Ewe Mola wetu, utuonyeshe haki tuijue ni haki, na utusamehe tuliyoyasema juu ya waja wako pasi na elimu, na tuliyoyafanya juu ya viumbe vyako wasio na ulimi wa kutushitaki kwetu, nao wanao wa kutushitaki kwako. Amin.